Wasia wa mali ya nyumbani kwa makabaila wa Uingereza

Anayesoma kwa mara ya kwanza wasia wa kabaila wa Kiingereza wa karne ya 14 hushangazwa na wingi wa vitanda. Mwenye wasia alimiliki ngome, misitu na vijiji vizima, lakini waraka wake unataja kitanda cha buluu, kitanda cha hariri nyekundu, mapazia ya ukumbini, vikombe na bizimu za dhahabu, na ardhi iliyompa cheo chake haionekani kabisa au imeguswa kidogo tu pembeni. Ilikuwa hivyo kwa sababu ya sheria. Ardhi hakuwa na mamlaka ya kuiusia.

Wasia wa mali ya nyumbani ni tamko la mtu, lenye kuanza kazi baada ya kufa kwake, linalosema nani apewe vitu vyake vinavyohamishika: nguo, matandiko, vyombo vya mezani, vito, farasi, silaha, vitabu, fedha taslimu. Katika Uingereza ya zama zile vitu hivi vilikaa fungu lao peke yao. Ardhi ilimwangukia mtoto wa kiume wa kwanza kwa nguvu ya sheria mara tu baba alipokata roho, na magomvi yake yalisikilizwa na mahakama za mfalme. Vitu vinavyohamishika vilikuwa chini ya mahakama za Kanisa, kwa kuwa wasia ulihesabiwa kuwa sehemu ya maandalizi ya kufa vizuri, pamoja na kutubu na kulipa madeni. Mgawanyo huo ndio uliowapa Waingereza desturi ya kuuita wasia kwa maneno mawili yanayofuatana, "will and testament", ambayo mazoea ya wanasheria yaliyahusisha moja na ardhi na jingine na vitu. Wenye akili waliizunguka sheria kwa kuikabidhi ardhi kwa marafiki waaminifu na kuwaelekeza waifanyie nini baada ya kifo, lakini ruhusa ya wazi ya kuusia ardhi ilikuja na sheria ya mwaka 1540, enzi ya Henry VIII. Mahakama za Kanisa nazo ziliendelea kuthibitisha wasia mpaka mwanzoni mwa 1858.

Hata kwenye vitu hivyo, mkono wa mwenye mali haukuwa huru siku zote. Kwa desturi ya kale, mwanamume aliyeacha mke na watoto aligawiwa mali yake inayohamishika mafungu matatu: moja la mke, moja la watoto, na moja la marehemu mwenyewe, ambalo ndilo aliloweza kuliusia apendavyo, aghalabu kwa faida ya roho yake. Magna Carta ya 1215, hati ya mfalme ya kuahidi haki, inazitaja haki hizo za mke na watoto. Kusini mwa nchi desturi hiyo ilififia mapema, ila katika jimbo la kanisa la York ilidumu mpaka 1692. Msomaji aliyelelewa katika mirathi ya Kiislamu atakumbuka theluthi anayoijua, na kwa kweli hesabu zinafanana, lakini mantiki ni mbili tofauti: theluthi ya Kiislamu ni ukomo wa wasia, na haimwendei mrithi ila warithi wengine wakiridhia, ilhali kabaila wa Kiingereza aliwausia kwanza mke na watoto wake.

Sasa turudi kwenye vitanda. Kitanda katika wasia hizi si mbao. Mbao zilikuwa kitu cha bei ndogo. Kilichoitwa kitanda kilikuwa seti nzima ya vitambaa, yaani mapazia ya pande zote, kitambaa cha juu kilichotandazwa kama chandarua, kipande cha kichwani, firashi, godoro la manyoya na matakia, mara nyingi hariri iliyotariziwa nembo za ukoo kwa nyuzi za dhahabu. Kabaila alihamahama kutoka ngome moja hadi nyingine, na seti hizo zilikunjwa, zikapakiwa mikokoteni na kutundikwa upya alikofika. Kwa hiyo chumba chenye kuta tupu kiligeuka kuwa makao yake kwa saa chache, na wageni wake walisoma nembo zilizoshonwa pale kama tunavyosoma kibao cha ofisi.

Neno ukumbi nalo lilitumika vivyo hivyo. Edward, mwana wa mfalme anayejulikana kwa jina la Mwanamfalme Mweusi, aliandika wasia wake kwa Kifaransa tarehe 7 Juni 1376, siku moja kabla ya kufa, na humo aliliachia kanisa la Canterbury ukumbi. Asiyejua lugha ya mambo haya atadhani ni jengo. Ulikuwa seti ya mazulia ya kutundika, meusi yenye pindo jekundu, yenye manyoya ya mbuni na mabata maji wenye vichwa vya wanawake, na wasia unahesabu vipande vyake kimoja kimoja: kipande cha nyuma, vipande vinane vya pembeni, na vifuniko viwili vya mabenchi. Mwanawe Richard, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, aliachiwa ukumbi mwingine, uliofumwa Arras, mji wa kaskazini mwa Ufaransa, na kuonyesha habari za Saladin, yaani Salahuddin yule yule aliyeirudisha Yerusalemu mikononi mwa Waislamu mwaka 1187.

Maelezo marefu namna hii si madaha ya mwandishi. Vitu havikuwa na namba, na mtu mwenye vitanda ishirini akisema tu "kitanda changu" amewaachia wasimamizi wake ugomvi. Richard FitzAlan, Earl (cheo cha kikabaila) wa Arundel, alimwachia mkewe Philippa kitanda cha buluu chenye nembo yake na nembo ya mke wake wa kwanza marehemu (sijui Bibi Philippa alilalaje humo), akamwachia mwanawe Thomas kitanda cha hariri ya buluu kilichotariziwa wanyama wa hekaya wenye kichwa cha tai na mwili wa simba, na mwanawe Richard kitanda chenye jina lake kabisa, Clove, kama mtu anavyompa farasi jina. Kila alama ilikuwa ya kumwongoza msimamizi hadi kwenye sanduku lenyewe.

Msimamizi huyo ndiye aliyeubeba mzigo wote. Alizika, akaorodhesha mali, akaupeleka wasia ukathibitishwe mbele ya askofu, na kwa kabaila mwenye vitu katika majimbo mbalimbali ya kanisa ikawa mbele ya mahakama ya Askofu Mkuu, kisha akalipa madeni. Baada ya madeni ndipo zawadi zilipotoka. Kitu kilichotajwa kwa alama zake kina sifa moja ya kisheria inayowaumiza wengi: kama mwenye wasia alikiuza au kukigawa angali hai, aliyeandikiwa hapati kitu wala thamani yake. Kanuni hiyo imo mpaka leo katika sheria za wasia zilizotokana na za Kiingereza, ikiwemo ya Kenya.

Earl wa Arundel alikutwa na jambo kubwa kuliko hilo. Mwaka 1397 alihukumiwa kwa uhaini na kukatwa kichwa, na mali ya mhaini zama zile ilikuwa ya mfalme, ardhi na vitanda pamoja. Mfalme aliyemhukumu alikuwa Richard II, yule mtoto wa zulia la Salahuddin.

Wasia unaoonyesha vizuri zaidi kabaila anavyosema kwa vyombo vyake ni wa John wa Gaunt, Duke (cheo kilicho juu ya Earl) wa Lancaster, baba mdogo wa mfalme huyo huyo na tajiri wa kwanza nchini baada yake, aliyefariki Leicester tarehe 3 Februari 1399. Kanisa la St Paul's mjini London, alikotaka kuzikwa kando ya Blanche, mke wake wa kwanza, aliliachia kitanda chake kikubwa cha kitambaa cha dhahabu, chenye mawaridi ya dhahabu na manyoya meupe ya mbuni. Kitambaa cha namna hiyo kingeweza kupambia altare au kushonwa mavazi ya padri. Kwa Katherine Swynford mambo yanabadilika. Mwanamke huyu alimzalia watoto wanne kabla hawajafunga ndoa mwaka 1396, na alichoachiwa ni vitu vya mwilini na vya mkononi: bizimu nzuri kuliko zote isipokuwa ile iliyotengwa kwa mfalme, vitanda vya safari vilivyotengenezwa kwa ajili ya mwili wa Duke mwenyewe, pamoja na vito vilivyomo katika kisanduku kidogo cha mbao ya mberoshi ambacho, anasema, ufunguo wake anautunza mwenyewe. Msimamizi hakuhitaji kuambiwa ufunguo uko kwa nani. Duke alitaka liandikwe.

Kwa mfalme aliacha, pamoja na bizimu hiyo, kikombe chake bora cha dhahabu chenye kifuniko, alichopewa na Katherine kuwa zawadi ya Mwaka Mpya. Ilikuwa desturi kumwachia mfalme kitu cha thamani ili ausimamie wasia kwa jicho jema, na Duke alikuwa na sababu ya kuliomba jicho hilo, kwa kuwa mwanawe Henry, mrithi wa ardhi yote, alikuwa uhamishoni kwa amri ya mfalme. Mwezi Machi Richard aliinyakua ardhi ya Lancaster, ile ambayo sheria ilikuwa imemhakikishia mrithi bila haja ya wasia. Julai Henry akarudi na silaha kuidai, na kabla ya Oktoba haijaanza Richard alikuwa ameondolewa kitini.