Kumvua viatu farasi anayepandwa kidogo: dhana potofu na ukweli

Farasi anayepandwa mara mbili kwa wiki kwenye vijia vya msituni, kama walivyo wengi wanaofugwa katika viunga vya Karen jijini Nairobi, huzua swali lilelile kila fundi wa kwato anapofika: je, bado anahitaji viatu vya chuma? Majibu ya mazizini mara nyingi hutokana na mazoea.

"Kazi ikiwa nyepesi, viatu si lazima." Wepesi wa kazi haupimwi kwa saa peke yake. Ukuta wa ukwato, yaani ganda gumu la nje, hukua takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, na farasi anaweza kwenda peku muradi kinachosagika kisizidi kinachoota. Saa moja juu ya changarawe yenye ncha inaweza kuula ukwato kuliko saa nyingi kwenye nyasi. Kwa hiyo anayetaka kuamua na aitazame ardhi kwanza, ndipo ahesabu siku za kupanda. Farasi mwenye soli (uso wa chini wa ukwato) nyembamba, au aliyewahi kuvimba tabaka zinazoushikanisha ukuta wa ukwato na mfupa wa ndani, huweza kuumia hata kwa kazi ndogo, na huyo aonwe kwanza na daktari wa mifugo.

"Mbona farasi wa porini hawavai?" Farasi wa jangwa la Namib wanaoishi karibu na Garub, kusini mwa Namibia, hutembea mwendo mrefu kati ya maji na malisho, tena kwenye ardhi kavu, na mwendo huo ndio tupa yao. Hawabebi tandiko wala mtu, na anayechechemea huko huishia kinywani mwa fisi, kwa hiyo tunaowaona ni wale waliojaliwa kwato nzuri. Farasi wetu husimama bandani juu ya maranda yenye mkojo, na masika yakiingia husimama kwenye tope. Ukwato hulainika, na uozo mweusi wenye harufu kali huingia katika mifereji iliyo kandokando ya ile pembetatu laini ya katikati ya soli.

"Akivuliwa, gharama za fundi zimekwisha." Kinachookolewa ni bei ya vyuma na misumari tu, kwani ukwato mtupu nao hupunguzwa na kusawazishwa kila baada ya wiki 4 hadi 8.

"Kwato nyeupe hazifai kwenda peku." Rangi haina uhusiano na ugumu.

"Akichechemea baada ya kuvuliwa, ni ukaidi, atazoea." Dhana hii ndiyo inayowaumiza farasi zaidi. Mlegezee hatamu kwenye njia ya mawe: akifupisha hatua na kujisogeza mwenyewe kwenye ukingo wenye nyasi, anakuambia kwamba soli inamuuma. Kumeguka kwa kingo kwenye matundu ya misumari hakutishi sana, kwa kuwa matundu hayo yako sehemu ya chini na kwa kawaida hukatwa yote katika miezi 3 hivi, ingawa ukuta wa mbele huchukua karibu mwaka kuota upya kutoka juu hadi chini. Ukwato ulio moto, au maumivu yasiyopungua siku hadi siku, ni jambo jingine, na hapo daktari aitwe.

Wala uamuzi huu si wa yote au hakuna. Kwa kuwa miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito, wengine humvua viatu vya nyuma tu kwanza. Wengine humvisha viatu vya mpira vya kufunga na kufungua siku ya kupita kwenye mawe, kisha huvivua wakirudi zizini. Akionekana hawezi, fundi humpigilia vyuma upya, ila asubiri ukuta uliomeguka uote kiasi cha kushika msumari.