Nyongeza za gemu: maneno ya vijiweni na ukweli wake

Aprili 2006, kampuni ya Bethesda iliwauzia wachezaji wa gemu yake ya Oblivion deraya ya farasi. Ilikuwa dola 2.50, na ulichopata ni farasi aliyevishwa chuma, basi. Watu walikasirika, na mpaka leo ukitaja DLC, yaani nyongeza ya gemu inayopakuliwa, mbele ya mchezaji wa siku nyingi, atakukumbusha farasi yule.

Miaka kumi baadaye, kwenye tuzo za The Game Awards za 2016, gemu bora ya RPG, zile za kumkuza mhusika ndani ya hadithi ndefu, ilitangazwa kuwa Blood and Wine. Hiyo si gemu kamili. Ni nyongeza ya gemu ya The Witcher 3, na iliziacha nyuma gemu nzima nzima, Dark Souls III ikiwemo.

Nayasema haya mawili pamoja kwa sababu kati yake ndipo watu wanapopotea. Nawaona wenzangu wakiacha kazi nzuri kuliko zote ndani ya gemu waliyokwisha kuinunua, kwa maneno waliyoyaokota kwenye banda la gemu. Wengine wanamwaga pesa pasipostahili, kwa maneno hayo hayo.

"DLC ni nguo za mhusika tu"

Jibu linatoka Oblivion hiyo hiyo. Machi 2007, kabla deraya ya farasi haijatimiza mwaka, ikatoka Shivering Isles: nchi nzima ya Sheogorath, mungu wa wendawazimu, iliyogawanyika pande mbili zisizofanana kwa sura wala tabia, ina watu wake, mapango yake na hadithi yake ya saa nyingi. Kampuni ni ile ile na gemu ni ile ile. Anayezitia zote mbili kapu moja kwa kuwa zote zinapakuliwa, hajatazama ndani.

Kwa hiyo tazama ndani. Kuna nyongeza za nguo na rangi za bunduki. Hizo sizinunui, na simshauri mtu anunue, kwa sababu ukishazivaa mara tatu huzioni tena. Kuna za wahusika wapya, hasa kwenye gemu za ngumi, na hizo thamani yake inategemea unacheza na nani na mara ngapi. Halafu kuna za hadithi. Hapo ndipo penye utajiri, na ndizo ninazozitetea.

"Wameikata gemu ili watuuzie mara mbili"

Hili silikatai moja kwa moja, maana limewahi kutokea mbele ya macho yetu. Street Fighter X Tekken ilipotoka Machi 2012, wahusika 12 walikuwa tayari kwenye diski uliyoinunua, wamefungiwa, wakisubiri ulipe tena. Mwezi huo huo Mass Effect 3 ilikuja na From Ashes, nyongeza ya dola 10 iliyouzwa siku ile ile ya kwanza. Ndani yake yumo Javik, mtu wa mwisho wa kabila la Prothean, kabila ambalo hadithi nzima ya gemu zote tatu inalizunguka. Kumtoa mhusika kama huyo na kumpangia bei yake peke yake ni kosa, na hasira ya wachezaji ilikuwa ya haki.

Lakini kutoka hapo mpaka kusema kila nyongeza ni kipande kilichokatwa, pana safari ndefu. Fikiria kazi inavyokwenda. Gemu ikikaribia kukamilika, inapelekwa kwa wenye mashine ili ikaguliwe, kisha diski zinachapwa na kusambazwa. Muda wote huo wanaorekebisha hitilafu wanakesha, ila waandishi wa hadithi na wachoraji wamekwisha kumaliza sehemu yao. Kampuni ina njia mbili: iwaachishe kazi, au iwape kitu kipya cha kutengeneza. Kitu kipya hicho mara nyingi ndicho nyongeza.

Tena mtindo huu ni wa kale kuliko intaneti ya kasi. StarCraft ilitoka 1998, na kabla mwaka haujaisha Brood War ikafuata, ndani ya boksi lake, ikiuzwa dukani. Sijamsikia mtu akisema ilikatwa kutoka kwenye gemu ya kwanza. Watu waliipokea kama sura mpya ya hadithi.

Mimi hutazama tarehe. Nyongeza ya hadithi ikiuzwa siku moja na gemu yenyewe, nashuku. The Witcher 3 ilitoka Mei 2015. Hearts of Stone ilifuata Oktoba mwaka huo, na Blood and Wine Mei 2016, mwaka mzima baadaye. Hapo katikati watengenezaji wake, CD Projekt Red, walitoa nyongeza ndogo 16 bila kutoza hata senti: nguo, kazi mpya za kuwinda mazimwi, mitindo ya nywele. Hiyo ndiyo nyongeza kwa maana ya sokoni, ile ya kuongezewa nyanya mbili juu ya fungu ulilolipia.

Na hebu niiseme Hearts of Stone vizuri, kwa kuwa ndiyo watu wengi wanairuka kwa udogo wake. Iliuzwa dola 10. Ni hadithi ya tajiri Olgierd von Everec aliyefanya mapatano na mtu asiye mtu, Gaunter O'Dimm, akapata alichokitaka na akapoteza alichokipenda. Waandishi wake walichota kutoka ngano ya Kipolandi ya Pan Twardowski aliyeuza roho yake. Msomaji aliyekulia pwani akisikia hadithi za mikataba na majini atamtambua O'Dimm kabla hajajitambulisha. Kuna usiku wa arusi ambapo mzimu unauazima mwili wa Geralt, mhusika mkuu unayemwongoza, ili ukacheze ngoma na kulewa kwa mara ya mwisho. Baada yake unaingia ndani ya mchoro uliobeba kumbukumbu za mke wa Olgierd, unazitembelea moja moja, na panga peke yake halitoshi. Kwangu hakuna saa kumi nzuri kuliko hizo katika gemu yote.

"Maliza gemu kwanza, nyongeza utacheza baadaye"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu wengi, kwa sababu inasikika kama busara.

Chukua Bloodborne. Ukimwangusha bosi wa mwisho, yaani adui mkubwa wa kufungia, gemu haikurudishi ulipokuwa. Inakuanzisha upya hapo hapo, mzunguko wa pili, maadui wakiwa wagumu zaidi. Nyongeza yake, The Old Hunters ya Novemba 2015, inafunguka baada ya kumshinda bosi aitwaye Vicar Amelia, huko katikati ya safari. Aliyesubiri amalize kwanza itabidi apande mlima ule upya mpaka kwa Amelia. Mass Effect 3 nayo ina mahali ambapo ukipita hurudi. Citadel, nyongeza yake ya 2013 ambayo ni kama karamu ya kuagana na wenzako wote, ni lazima uicheze kabla ya kuvamia kituo cha Cronos. Ukiikumbuka umeshavamia, utatafuta sevu ya zamani, yaani kumbukumbu ya mchezo uliyoihifadhi kabla, kama unayo.

Phantom Liberty ya Cyberpunk 2077 inafunguka njiani, hadithi kuu ikiwa bado inaendelea, na inaweza kukupa mwisho mwingine ambao gemu ya kawaida haina. Aliyemaliza kila kitu kwanza anaipata, ila anaisoma sura ya kumi baada ya kuisoma ya ishirini.

Elden Ring imekaa kwa namna yake. Shadow of the Erdtree ya Juni 2024 haikufunguliwi mlango mpaka uwe umewaua mabosi wawili, Radahn na Mohg, na Mohg amejificha mahali ambapo mtu anaweza kumaliza gemu nzima bila kufika. Watu walilipa dola 40, wakapakua, wakaikosa njia ya kuingilia. Na walioingia na mhusika wa kiwango cha 200 wakidhani watapita kama upepo walipigwa vilevile, kwa sababu kule ndani nguvu inatokana na vipande vya Scadutree unavyoviokota huko huko. Malalamiko yalikuwa mengi hata siku chache baadaye watengenezaji wakaongeza nguvu ya vipande vya mwanzo. Ukikwama, acha bosi, nenda kazunguke ramani uviokote. Ugumu wake unapungua kwa kutembea.

Sheria moja ya kufaa gemu zote haipo. Kabla hujaanza, ulizia nyongeza inafunguka wapi na inafungwa wapi. Ni swali la dakika mbili.

"Ukishanunua ni chako"

Wachezaji wa Destiny 2 walilipia hadithi ambazo leo hawawezi kuzicheza. Novemba 2020 watengenezaji wake, Bungie, waliondoa sehemu kubwa ya gemu, zikiwemo nyongeza mbili zilizouzwa kwa pesa, Curse of Osiris na Warmind. Februari 2022 hadithi ya Forsaken nayo ikaondolewa. Gemu inayoishi kwenye seva ya mtu mwingine inaishi kwa ruhusa yake. Maduka nayo hufungwa: tangu Machi 2023 huwezi kununua kitu kipya kwenye duka la Nintendo la mashine zake za Wii U wala 3DS, nyongeza zikiwemo.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mtego wa ziada. Kwa miaka mingi PlayStation Store haikuwa na Tanzania wala Kenya kwenye orodha ya nchi zake, kwa hiyo wengi wetu tulifungua akaunti za Marekani, Uingereza au Falme za Kiarabu. Diski tunanunua zilizotumika, na zimetoka kila upande wa dunia. Kwenye PS4, diski ya Ulaya kwa kawaida haiikubali nyongeza iliyonunuliwa duka la Marekani. Pesa inakatwa, faili linashuka, bando linaisha, na ndani ya gemu hakuna kilichobadilika. Soma namba inayoanzia na CUSA kwenye kasha la diski, uilinganishe na ya dukani kabla hujalipa. Na diski ya mtumba iliyoandikwa kuwa ina kila kitu, muulize muuzaji kama nyongeza zimo kwenye diski au zilikuja kwa namba ya siri kwenye karatasi. Namba hiyo hutumika mara moja, na mwenye diski wa kwanza huenda alishaitumia.

Angalia na mashine yako pia. Phantom Liberty haikutoka kwa PS4 kabisa.

"Subiri toleo kamili"

Kwa mwenye subira, ushauri huu ni mzuri. The Witcher 3 yenye nyongeza zote ilitoka Agosti 2016. Horizon Zero Dawn ilitoka Februari 2017, na Desemba hiyo hiyo toleo lenye The Frozen Wilds likawa dukani. Kama hujaanza gemu na hakuna anayekukimbiza, subiri.

"Bila DLC huwezi kucheza na wenzako"

Zamani Call of Duty waliuza ramani, na asiyenunua alitengwa. Modern Warfare ya 2019 iliacha mtindo huo, ramani zikawa bure kwa wote. Kwenye gemu za Paradox kama Europa Universalis IV, mwenye kuandaa mchezo akiwa na nyongeza, walioalikwa wanazitumia pia. Changeni, mmoja anunue.

"Pakiti za mpira nazo ni DLC"

Hapana, na naomba tuache kuzitaja pamoja. Pakiti za Ultimate Team, zile za wachezaji wa kikosi chako kwenye gemu za mpira za kampuni ya EA, ni bahati nasibu: unalipa bila kujua utampata nani. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema visanduku vya aina hii vinavunja sheria ya kamari, na Januari 2019 EA wakaacha kuuza pointi za FIFA, zinazonunulia pakiti hizo, nchini humo. Hata ukimpata mshambuliaji uliyemtamani, gemu ya mwaka ujao ikitoka unaanza na kikosi kitupu. Namwonea uchungu kijana anayeweka huko pesa ya wiki nzima.

Pesa hiyo ingemfikisha Toussaint, nchi ya mizabibu ya Blood and Wine. Geralt analipwa shamba lenye nyumba, Corvo Bianco, yeye ambaye maisha yake yote amelala njiani. Mwishoni, mapigano yakiisha, anakaa na rafiki yake Regis na kumwambia kwamba sasa wanastahili kupumzika. Kisha anageuka, anakutazama wewe uliyeshika pedi, na anatabasamu kidogo. Aliyeishia kwenye gemu ya kawaida hajamwona akitabasamu vile.