Anza na Safari Fupi: Kwenda Kazini kwa Miguu, Baiskeli na Basi

Kila ninapozungumza na watu kuhusu kuliacha gari nyumbani, swali la kwanza huwa lilelile: "Kazini kwangu ni kilomita 20, unataka nitembee?" Hapana. Sisi wa afya ya jamii hatumwambii mtu atembee kilomita 20 asubuhi na nyingine 20 jioni. Ninachokuomba ni chepesi kuliko hicho. Zitazame safari zako zote za wiki moja, uchague iliyo fupi kuliko zote, uanze na hiyo.

Safari fupi naing'ang'ania kwa sababu uchafu wake haulingani na urefu wake. Injini ya petroli ikiwashwa ingali baridi hunywa mafuta mengi zaidi, na kile kifaa cha kwenye bomba la moshi kinachopunguza gesi za sumu hakifanyi kazi sawasawa mpaka kipate moto. Mtu anayekwenda kilomita mbili tu huenda akafika na kuzima gari wakati kifaa hicho ndiyo kwanza kinaanza kushika kazi. Moshi wake ameumwaga njiani, wanakopita watoto waendao shule. Na kilomita hizo mbili, kwa mwendo wa kawaida wa mtu mzima, ni dakika 25 hivi kwa miguu. Kwa baiskeli hazifiki 10.

Nikija kwenye mwili wako, kuna utafiti mmoja ambao sichoki kuusimulia. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jeremy Morris, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda walikuwa kwenye basi moja, barabara moja, siku hiyohiyo. Tofauti ni kwamba dereva alishinda amekaa, na konda alishinda akipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Makonda walionekana kuugua ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na walioupata hawakuupata kwa ukali uleule. Kwa kuwa mtu angeweza kudai kuwa tatizo ni usukani wenyewe, kikundi hicho kilitazama pia wafanyakazi wa posta. Waliosambaza barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na nafuu kuliko wenzao wa mezani. Hakuna hata mmoja kati ya makonda na watu wa posta aliyekuwa mwanamichezo kwa kazi yake. Walikuwa kazini tu.

Hapo ndipo usafiri wa umma unapoingia, na watu wengi hawalioni hili. Abiria wa basi au treni hutembea bila kujipangia mazoezi. Hutoka nyumbani kwa miguu hadi kituoni, akishuka hutembea tena hadi mlango wa kazi, na jioni hurudia yote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na katika mwongozo wake wa mwaka 2020 liliondoa ile hesabu ya zamani kwamba lazima ziwe dakika 10 mfululizo. Dakika nne za kwenda kituoni sasa zinahesabika. Dakika 15 kwenda na 15 kurudi, kwa siku tano, tayari umefikisha 150, mradi utembee kwa haraka kidogo, kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba. Ukitaka kuongeza, shuka kituo kimoja kabla ya chako, na uanze kufanya hivyo jioni. Asubuhi una hofu ya kuchelewa, na zoea lililoanza na hofu halidumu.

Kuhusu foleni nitasema hesabu moja tu. Tuseme kila gari dogo lina mtu mmoja na nusu kwa wastani. Abiria 60 watahitaji magari 40, na yakipangwa bampa kwa bampa bila hata nafasi ya kupitisha mkono, yanakula kama mita 180 za barabara. Basi moja linalowabeba wote hao lina urefu wa mita 12.

Baiskeli inahitaji maneno zaidi, kwa sababu wengi huijaribu mara moja, wakaumwa magoti, wakaiacha. Mara nyingi kosa ni kiti. Mtu hukishusha ili miguu yote miwili ikanyage chini akiwa ameketi, basi kila akizungusha pedeli magoti yanakunjwa kupita kiasi. Fanya hivi: shika ukuta, keti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Ukianza kuendesha utakanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, na goti litabaki na kakunjo kadogo, ndivyo linavyotakiwa. Kisha minya matairi yote mawili kwa kidole gumba. Yakibonyea kirahisi, jaza upepo. Bana breki moja moja huku ukisukuma baiskeli uone kama gurudumu linagoma. Tazama cheni kama ina mafuta. Yote haya ni dakika mbili. Usiku, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, hata kama barabara ina taa zake.

Ukiwa barabarani, jambo moja nakusihi kwa moyo wote: usijipenyeze kati ya lori au basi na ukingo wa barabara pale linapotaka kukata kona. Upande ule dereva haoni, na sehemu ya nyuma ya gari hukata kona kwa ndani kuliko ya mbele. Ukiwa huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, yeye pia hakuoni. Ngoja nyuma. Magari yaliyoegeshwa nayo yapishe kwa mita moja hivi, maana mlango hufunguliwa ghafla.

Lakini sitamtwika msafiri mzigo wote. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani, na zaidi ya nusu walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Mtu anayekataa kutembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu si mvivu. Uholanzi tunayoisifia leo kwa baiskeli ilikuwa na barabara za kutisha. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa kwa ajali nchini humo, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Wazazi waliingia barabarani kudai njia salama, na uhaba wa mafuta wa mwaka 1973 ukawasaidia kusikilizwa. Njia za baiskeli zilikuja kwa kudaiwa. Nasi tudai kwa madiwani wetu, na la kwanza liwe mwendo. Gari la kilomita 50 kwa saa husogea karibu mita 14 katika sekunde moja, kabla hata mguu wa dereva haujagusa breki. Kwa kilomita 30 ni mita 8 tu. Mita hizo 6 za tofauti ni upana wa barabara nzima anayoivuka mtoto.

Waajiri nao wana sehemu yao, na haina gharama kubwa: chuma imara cha kufungia baiskeli mahali panapoonekana na mlinzi, bomba la maji, na chumba cha kubadilishia shati.

Kwa wiki ya kwanza usijaribu siku ya kazi. Ipite njia yako siku ya mapumziko, taratibu, ukiangalia wapi pana kivuli, wapi pa kuvukia, na mtaa gani wa nyuma una magari machache kuliko barabara kuu. Andika muda uliotumia toka mlangoni hadi mlangoni. Kisha andika na wa gari, ukijumlisha na dakika za kutafuta mahali pa kuegesha.