Kompilesheni ya Replacements sio "nyimbo zao zote kali", naomba tuelewane

Nauza CD na santuri za mitumba hapa Minneapolis, mji walikotoka The Replacements wenyewe, ile bendi ya roki, na wiki hii tena mteja kashika kompilesheni yao, yaani albamu ya kukusanya nyimbo zao, All for Nothing/Nothing for All, mkononi ananiambia, "Kaka, si hii ndo ina zile kali zote? Basi hizo albamu zingine za nini?" Nimelijibu hili swali kaunta mpaka mdomo umekauka, sasa naliandika.

Dhana: kompilesheni ni nyimbo bora za bendi, zimechaguliwa kwa sababu ndo bora

Hapana jamani. Kabla ya ubora kuna swali la nani anamiliki masta, yaani rekodi zenyewe za asili. Replacements walianza 1979, kazi za mwanzo wakatolea Twin/Tone, lebo ndogo ya hapahapa mjini: Sorry Ma, Forgot to Take Out the Trash 1981, Stink 1982, Hootenanny 1983, Let It Be 1984. Halafu wakasaini Sire, iliyo chini ya Warner, wakatoa Tim 1985, Pleased to Meet Me 1987, Don't Tell a Soul 1989, All Shook Down 1990, na 1991 wakaachana. Sasa hiyo All for Nothing/Nothing for All, CD mbili ya 1997, imetoka upande wa Warner, na diski ya kwanza, ile ambayo watu wanaiita "hiti zao", imechotwa kwenye zile albamu nne za Sire basi. Let It Be haijatoa hata wimbo mmoja pale. "I Will Dare" haipo, ile ambayo Peter Buck wa R.E.M. kapiga solo ya gitaa, "Unsatisfied" haipo, "Answering Machine" haipo, na mtu anaondoka dukani akiamini kaisikia bendi nzima!

Kinachoniuma zaidi ni Bob Stinson. Bob na mdogo wake Tommy wa besi na Chris Mars wa dramu walikuwa wanapiga pamoja kabla hata mwimbaji Paul Westerberg hajaingia, Tommy alikuwa na miaka 14 tu albamu ya kwanza inatoka, na lile gitaa la Bob ndo roho ya zile rekodi za Twin/Tone, linakuja juu ya wimbo bila kubisha hodi na bado linafika linapotakiwa kufika. Wakati wa Tim mchango wake ulishaanza kupungua, 1986 akatolewa, Pleased to Meet Me wakairekodi watatu kule Memphis, baadaye ndo akaja Slim Dunlap kwenye gitaa. Bob akafariki 1995, miaka miwili kabla ya hiyo kompilesheni. Kwa hiyo ukisikiliza ile diski ya kwanza peke yake umesikiliza bendi ambayo mpiga gitaa aliyeianzisha karibu hayupo, na hakuna aliyekaa chini akaamua kwamba Bob hafai, mikataba ndo imeamua.

Ikabidi tusubiri mpaka 2006, Rhino, lebo ya kutoa upya rekodi za zamani, walipotoa kompilesheni nyingine, Don't You Know Who I Think I Was?, nyimbo 20, lebo zote mbili, inaanza na "Takin' a Ride" ya 1981 inashuka mpaka mwisho. Hii ndo nampa mtu asiyewajua. Lakini hata hii, Stink nzima imepata nafasi ya wimbo mmoja, "Kids Don't Follow", ule unaoanza na sauti ya polisi anatawanya watu kwenye pati. Mmoja! Ni mlango mzuri wa kuingilia, ila ukishaingia usibaki umesimama mlangoni.

Na fanya hivi kabla hujalipia kompilesheni yoyote, ya bendi yoyote: geuza kava, soma yale maandishi madogo kabisa chini, tafuta herufi P ndani ya duara. Pale panaandikwa mwenye haki za rekodi na mwaka. Ukiona jina la kampuni moja tu na wewe unajua bendi ilipitia lebo mbili, shuku kwamba huenda nusu ya maisha yao imeachwa nje.

Dhana: nyimbo za mwanzo hazipo kwa sababu kanda walizitupa mtoni

Ni kweli waliingia Twin/Tone 1987 wakachukua kanda wakazitupa Mississippi, stori tamu sana hiyo. Lakini 2008 Rhino walitoa upya zile rekodi zote nne za mwanzo, tena na nyimbo za ziada. Wangezitoa kwenye nini?

Dhana: nyimbo mbili mpya za ile ya 2006 ni mabaki ya zamani

"Message to the Boys" na "Pool & Dive" zilirekodiwa kwa ajili ya albamu hiyo. Westerberg na Tommy wapo, Mars kaimba sauti za nyuma, dramu kapiga Josh Freese.

Dhana: wangekuwa wazuri wangevuma

"I'll Be You" ilishika namba 1 kwenye chati ya Modern Rock 1989, kwenye Hot 100, chati kuu ya Marekani, ikaishia 51. Redio kubwa hazikuwataka, na wao hawakusaidia: Januari 1986 wakaingia kipindi cha TV cha Saturday Night Live wamelewa wakapigwa marufuku, video ya "Bastards of Young" wakaifanya picha ya spika tu. Huo ni ukaidi, sio ukosefu wa kipaji.

Dhana: rimasta na rimiksi ni kitu kimoja

Rimasta inang'arisha mchanganyo uliokwisha, rimiksi inarudi kwenye kila chombo peke yake inapanga upya. Chukua boksi la Tim la 2023, ndani kuna rimasta ya mchanganyo wa 1985 na kuna rimiksi ya prodyuza Ed Stasium. Piga "Left of the Dial" kwa zote mbili, spika nzuri, sio simu tafadhali, usikilize besi ya Tommy na dramu za Mars. Ile ya 1985 vimezama kwenye mwangwi, ya Stasium vimekuja mbele kabisa. Nikiulizwa nianze na albamu gani nasema Let It Be, halafu hiyo Tim ya Stasium, kompilesheni baadaye.