Hukumu ya Washington kuhusu shule za mkataba: yanayosemwa na yaliyoamuliwa

"Mahakama ilisema shule za mkataba hazifundishi vizuri." Haikusema hivyo. Shule za mkataba (charter schools) hulipiwa na fedha za umma lakini huendeshwa na taasisi binafsi kwa mkataba. Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington, Marekani, katika hukumu ya Septemba 4, 2015, haikugusa ufundishaji. Iliulizwa kama shule hizi ni "shule za kawaida za umma" zinazotajwa na Katiba ya jimbo. Majaji walirejea kesi ya Bryan ya mwaka 1909: shule ya namna hiyo lazima iwe mikononi mwa wapiga kura wa wilaya yake. Shule ya mkataba huongozwa na bodi ya kuteuliwa, na mzazi asiyeridhika hana kura ya kumng'oa mjumbe wake.

"Wananchi walishaamua, mahakama iliwapokonya haki." Ni kweli sheria ya I-1240, iliyoruhusu shule hizi na ambayo hukumu hiyo iliifuta, ilipita kwa kura ya wananchi mwaka 2012. Lakini kura hiyo ilitunga sheria tu, haikubadili Katiba. Kubadili Katiba huko huhitaji kwanza theluthi mbili ya kura katika kila moja ya mabaraza mawili ya bunge la jimbo.

"Majaji watatu waliona ni shule za kawaida." Hili hupotosha wengi. Hao watatu, dhidi ya sita, walikubali kwamba si shule za kawaida. Walichopinga ni hoja ya fedha. Ibara ya 9 inataka kodi ya jimbo iliyotengwa kwa shule za kawaida itumike huko tu. Kodi hiyo huingia mfuko mkuu na kuchanganyika na mapato mengine, kama maji ya visima viwili katika pipa moja. Sita walisema serikali haiwezi kuonyesha kuwa fedha iliyolindwa haijaguswa. Watatu waliona mfuko mkuu una fedha nyingine za kutosha.

"Basi zikafa." Shule zilikuwa tisa, zenye wanafunzi wapatao 1,200, na masomo yalishaanza; kwa familia hizo lilikuwa pigo zito. Mwaka 2016 bunge lilitunga sheria mpya: fedha zitoke kwenye akaunti ya mapato ya bahati nasibu, mbali na kodi ya shule. Gavana Jay Inslee aliiacha ianze kutumika bila saini yake. Oktoba 2018 mahakama ileile iliikubali, ikafuta kipengele kimoja tu, cha majadiliano ya vyama vya wafanyakazi.

"Hukumu hii inabana majimbo yote." Kila jimbo lina katiba yake. Katika jimbo la Georgia, mahakama iliivunja tume ya jimbo ya shule hizi mwaka 2011 kwa kura 4 kwa 3. Mwaka uliofuata wapiga kura wakaibadili Katiba yenyewe.