Watatu si kosa
Simama na wenzako wawili kwenye toroli la mayai pasua, hapakosi mtu wa kuonya: "Tawanyikeni, watatu ni mkusanyiko haramu." Nimeyasikia haya tangu utotoni, nayo ni nusu tu ya sheria.

Kifungu cha 78 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinataja kweli watu watatu au zaidi. Lakini sharti wawe na nia ya kutenda kosa, au, wakiwa na lengo moja, waenende kwa namna inayowatia walio karibu hofu yenye msingi kwamba amani itavunjwa. Kugombania kachumbari hakumo.

Amri ya kutawanyika kwa jina la Rais nayo inahusu ghasia za watu 12 au zaidi, na polisi anayeitangaza lazima awe inspekta au zaidi.

Na kile "kibali" cha mkutano wa hadhara? Kiliondoka na marekebisho ya sheria ya 1997. Siku hizi mwandalizi humpa mkuu wa kituo cha polisi taarifa, kati ya siku 3 na 14 kabla. Anamjulisha, hamwombi.