Flaiwili nyepesi haiongezi nguvu ya injini
Wenye magari ya mwendo kasi, mathalani Subaru Impreza WRX, wengi huamini kwamba ukibadilisha klachi ufunge na flaiwili nyepesi (ile sahani ya chuma inayozunguka na injini, ambayo klachi huikamata), kwani inaongeza nguvu farasi. Imani hiyo ina chanzo: ukikanyaga mafuta gari likiwa frii, mshale wa mizunguko huruka upesi kuliko zamani, na gia ya kwanza gari huhisi limechangamka.

Ila nguvu hutokana na mafuta na hewa vinavyoungua. Flaiwili nyepesi hupunguza tu kazi ya kuizungusha yenyewe wakati injini inapopanda kasi. Kwenye gia ya tano tofauti karibu haionekani. Mashine ya kupimia nguvu ikishikilia mizunguko mahali pamoja, namba ni ileile. Gharama utaikuta kwenye foleni: gari huzima kirahisi ukiondoka, na injini hutetemeka ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Kama flaiwili ya awali ilikuwa ya vipande viwili vyenye springi kati, tarajia na kelele za giaboksi.

Klachi nayo ichaguliwe kwa toki (nguvu ya kuzungusha) ya injini yako, si kwa jina kali kwenye boksi. Ngumu kupita kiasi inachosha mguu bure. Unashuku ya sasa imechoka? Barabara ikiwa wazi, weka gia ya juu kwa mwendo wa wastani, kanyaga mafuta. Mizunguko ikipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Fundi akishusha giaboksi, iangalie flaiwili mwenyewe: madoa ya bluu ni alama ya joto kali, na yenye nyufa za kina haichongwi, hubadilishwa.